Alikuja kujisitiri, mkamwanika

Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala. Mchana nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni nafundisha watu wazima kusoma katika chumba cha Shule ya Jumapili cha kanisa letu. Hakuna aliyenituma. Miaka miwili iliyopita vijana wa kanisa tulikuwa tunagawa unga na sabuni mtaani, na kila anayepokea alitakiwa kutia sahihi. Kijana mmoja, mpakia mizigo pale Rangi Tatu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, niandikie wewe." Nikamwandikia. Usiku ule usingizi haukuja. Wiki iliyofuata nikamwomba Mchungaji chumba, akanipa na funguo juu.

Walianza wanne. Sasa wako kumi na tisa: wapakia mizigo, bodaboda wawili, madada wa kazi za ndani, na mama lishe mmoja anayekuja na mtoto mgongoni. Wanakalia vile viti vidogo vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Kumi na mmoja kati yao ni Waislamu.

Mwezi wa nane walikuja wageni wanaolifadhili kanisa. Kamati ya uinjilisti ikaandaa picha za kuonyesha kwenye projekta. Mojawapo ilikuwa ya yule kijana wa kwanza, ameinamia daftari. Nilikuwa nimeipiga mimi kwa simu yangu, kwa kumbukumbu tu. Chini yake wakaandika: "Alimaliza darasa la saba hajui kusoma. Kanisa limemwokoa." Siku hiyo nilikuwa nimemwalika, amekaa benchi la nyuma. Shangazi, aliyasoma. Nilimwona midomo inacheza, silabi kwa silabi. Darasani tulikuwa tumemaliza cha na sha, ndiyo kwanza tumeanza nya, nye, nyi. Alipomaliza akainuka akatoka. Hajarudi mpaka leo, na wenzake watatu wamemfuata.

Sasa kamati imeamua kwamba kuanzia Januari darasa litatanguliwa na nusu saa ya Neno, na anayetaka kuendelea ahudhurie ibada angalau Jumapili mbili kwa mwezi. Tumeambiwa wafadhili wameandika kuuliza ni wangapi wamefikiwa, na kwamba hela ya vitabu na umeme itategemea jibu. Mchungaji wangu si mtu mbaya. Baba alipofariki nikiwa kidato cha tatu, ndiye aliyenilipia ada. Nikiondoka na darasa langu nitakuwa mtovu wa fadhila. Nikibaki naona kama nawauza wanafunzi wangu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Jioni, Mbagala

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale midomo inapocheza naiweka chini kwanza. Walioandika yale maneno walitumia silabi nyepesi mno. Ha-ju-i ku-so-ma. Hakuna hata moja ya kumkwamisha. Kijana akasoma mwenyewe, mbele ya kanisa zima, sentensi inayosema hajui kusoma.

Umeniuliza kwa kirefu habari za kamati. Kijana umempa aya moja. Mimi nitaanza na kijana.

Nikiwa mdogo kijijini kwetu Muheza, baba alikuwa kibarua Tanga mjini na barua zake zilipitia kwenye duka la ushirika. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo karani ndiye aliyemsomea. Karani alikuwa mtu mstaarabu. Mkewe ndiye aliyekuwa na mdomo. Baba akiandika kwamba anadaiwa, kabla mama hajafika nyumbani jirani ameshampa pole. Akiandika neno la mume kwa mke, ndiyo usiseme, kisimani kunachekwa wiki nzima. Mama aliishi hivyo miaka na miaka, hana neno la mumewe ambalo halijapita kwanza kinywani mwa mtu mwingine.

Kisha kikaja kisomo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 au 1972 hivi upepo ule ukafika hata kwetu. Darasa likawekwa chini ya mwembe nyuma ya kanisa, kwa sababu moja tu: kanisa lilikuwa na mabenchi. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Ubavuni mwa mama alikaa jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuja na tasbihi yake, na kitabu walikuwa nacho kimoja wakisogezeana. Padri alipita na baiskeli, akasalimia, akaenda zake.

Barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe ilimchukua jioni tatu. Aliisomea jikoni, kidole kikitembea chini ya mstari, akirudi nyuma kila anapopotea. Jioni ya tatu aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Tukamuuliza, baba anasemaje? Akasema, "Anawasalimu." Basi. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mama yangu ana siri.

Nimekueleza hayo ili uone yule mpakia mizigo alikuja kutafuta nini kwako. Pale Rangi Tatu simu yake ikilia ujumbe wa pesa, anampa mwenzake amsomee. Mwenzake anajua ameingiziwa kiasi gani, anajua nani kamtumia, na akitaka kumkopa anajua asimkope chini ya kiasi gani. Mchumba akimwandikia, kijiwe kizima kimeshasikia. Huyu hakuja kuokolewa. Alikuja kupata pindo lake la kanga. Hata ile siku ya unga alikuambia kwa sauti ya chini, akiwa tayari anajisitiri na wewe ukamsitiri. Kisha mkamwanika ukutani, futi sita kwa nne, mbele ya wageni.

Ninasema "mkamwanika" na wewe umo. Picha uliipiga wewe. Haikutembea yenyewe kutoka kwenye simu yako hadi kwenye projekta. Uliituma mahali, nadhani kwenye kundi la wanakwaya au la vijana, kwa furaha, na moyo safi kabisa. Sikulaumu kwa furaha. Ila usijifiche nyuma ya kamati, maana ukienda kwao ukiwa na uso wa mtu asiye na kosa hawatakusikiliza, na watakuwa na haki. Anza hivi: nimekosa mimi kuipiga na kuituma bila kumuuliza, na sasa naomba tuifute. Iondoke kwenye kompyuta ya kanisa, kwenye makundi ya simu, kwenye ripoti iliyotumwa. Na kwa taarifa yako, nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sikutajii ili ukamtishie nayo mtu, maana mzee wa kanisa akitishiwa sheria na binti mdogo hugeuka jiwe. Nakutajia ujue kwamba jambo hili si "wepesi wako wa kuumia", kama nina hakika mtu mmoja ameshakuambia.

Tena yale maneno "alimaliza darasa la saba" yalisomwa kana kwamba aibu ni ya kijana. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya waliofaulu darasa la saba na kuchaguliwa kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Waliofaulu hao! Mtoto anakaa miaka saba katika darasa la watoto mia, anajifunza kunakili ubaoni maumbo asiyoyajua, anabahatisha A au C, anatoka na cheti. Aliyeshindwa hapo si mtoto.

Sasa twende kwa kamati.

Kanisa kuhubiri ndiyo kazi yake, na sitakuunga mkono ukitaka lione haya. Hakuna aliyeingia katika chumba kile akidhani ni ofisi ya kata, kwani kuna msalaba ukutani na michoro ya safina ya Nuhu. Mama wa Kiislamu anayemwacha binti yake aje ameshauona msalaba huo na ameshapiga hesabu zake. Ninachokataa ni kufanya ibada iwe ada. Siku darasa litakapodai Jumapili mbili kwa mwezi, halitakuwa tena la bure. Litakuwa na bei, na watakaoilipa watakuja ibadani kama anavyokwenda dukani mtu mwenye deni. Sijui mchungaji gani anataka kuhubiria watu wa aina hiyo.

Kamati yako haikuanza leo, hilo nalo ulijue. Kule Buganda Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji tu, maana kusoma na kuingia dini lilikuwa jambo moja. Uingereza, Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili mjini Gloucester mwaka 1780, watoto wa maskini walikuwa viwandani siku sita, Jumapili ndiyo siku pekee waliyoweza kushika kitabu. Kazi njema. Lakini harakati zile zilipoenea, baadhi ya wafadhili wakabishana: kusoma sawa, wataisoma Biblia, lakini kuandika kwa nini? Hannah More, mama aliyefungua shule nyingi za maskini, alikataa kabisa wafundishwe kuandika. Unaona walivyopima: maskini apewe kipande kile cha elimu kinachomfaa mtoaji. Ukisoma uamuzi wa kamati yako vizuri utakisikia kipimo hichohicho, ingawa waliouandika ni watu wema wanaokupenda.

Lakini kuna mmisionari mwingine ambaye ningependa umpelekee Mchungaji habari zake, kwa kuwa huyu hakuwa mtu wa dini nusunusu. Frank Laubach, Mmarekani, alihamia Lanao kule Ufilipino mwishoni mwa mwaka 1929, kati ya Wamaranao, ambao ni Waislamu na hawakuwa na hamu naye hata kidogo. Akajifunza lugha yao, akatengeneza chati za kusomea, watu wakaanza kusoma. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, fedha kutoka Marekani zikakauka, naye hana tena cha kuwalipa walimu. Aliyeliokoa darasa alikuwa chifu wa Kimaranao, Mwislamu. Yeye alisema kila aliyejifunza lazima amfundishe mwenzake. Kutoka hapo ikavuma ile kauli ya "kila mmoja amfundishe mmoja" iliyozunguka dunia nzima. Laubach alifariki mwaka 1970 akiwa mmisionari yuleyule. Wamaranao walibaki Waislamu. Mfadhili alipoondoka, darasa lilibebwa na wanafunzi.

Hapo pana dawa ya hofu yako ya umeme na vitabu, kwa hiyo usiipite haraka. Yule aliyefika nya amshike aliyeko ba. Hulipii kitu.

Nikiwa hapohapo kwa Waislamu wako kumi na mmoja: umewahi kuwauliza wangapi wamehitimu Juzuu Amma? Wengi wao, nadhani, walikaa chuo cha Kurani utotoni wakasoma kwa fatha, kasra na dhamma: ba, bi, bu. Mtu huyo anajua tangu ana miaka sita kwamba alama ina sauti na sauti zikiunganishwa ni neno. Pwani hii ilikuwa inaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zamani kabla Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844. Ukimwita "asiyejua kusoma" unamdhulumu na unajiongezea kazi. Andika ubaoni ba bi bu, kisha mwonyeshe kwamba hizi zinatoka kushoto kwenda kulia na kwamba katikati wameingia e na o. Utashangaa. Mkono wake utataka kuanzia kulia kwa wiki mbili tatu, mwache, utazoea.

Kwa Mchungaji usiende Jumapili baada ya ibada, anakuwa amechoka na mlango una foleni. Nenda Jumanne, nyumbani, Mama Mchungaji akiwepo. Usiende na malalamiko, nenda na daftari la mahudhurio. Mwambie kosa lako la picha kwanza. Kisha muulize kwa adabu, bila mtego katika sauti: "Baba Mchungaji, uliponilipia ada kidato cha tatu, ulinidai nini?" Halafu nyamaza. Wewe unasema ukiondoka utakuwa mtovu wa fadhila, nami nasema fadhila ile ndiyo silaha yako pekee, kwani mzee huyu ameshawahi kumsomesha mtoto wa mtu bila kumwandikia masharti, na mtoto huyo sasa amekaa sebuleni kwake akiwa mwalimu.

Omba mambo mawili tu. Neno lije baada ya darasa, mlango ukiwa wazi, anayetaka akae, mwenye kuwahi nyumbani aende na asiandikwe popote. (Na madada wa kazi lazima wawahi, hilo halina mjadala, saa mbili na nusu wawe wameshatoka.) La pili, ripoti iwe na hesabu na isiwe na nyuso: wangapi wanasoma aya nzima, wangapi wanaandika majina yao. Mfadhili akitaka picha, apewe picha ya mwandiko.

Tena nina shaka na hao wafadhili. Umeandika "tumeambiwa wameandika". Nani amekuambia? Hiyo barua umeiona? Nimekaa kwenye kamati za kutosha kujua kwamba mgeni akiuliza "mnahitaji nini?" mezani kwetu hufika "anataka majina". Huenda wageni wale walitaka idadi ya wasomaji, wenyewe mkatafsiri kuwa idadi ya waongofu. Iombe barua yenyewe uisome kwa macho yako. Mwalimu wa kusoma, na wewe umesomewa barua!

Mchungaji akikataa yote mawili, hamisha darasa, ila usihame kanisa. Hayo ni mambo mawili na wewe umeyafunga kamba moja. Mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu, mrudishie funguo mkononi kwa mikono miwili, na Jumapili uwe ibadani mahali pako palepale. Mama lishe wako ana kibanda na jioni hakina wateja. Serikali ya mtaa ina ofisi inayofungwa saa tisa na nusu. Nenda kwa afisa elimu kata uulizie MUKEJA, mpango wa elimu ya watu wazima ambao wengi hawaujui ingawa ni wao, na uulizie vitabu vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Usitarajie mengi upesi. Madaftari kumi na tisa na boksi la chaki unaweza kuyanunua wewe.

Lakini kabla ya Jumanne, kabla ya Mchungaji, kuna kijana. Usimfuate Rangi Tatu, wenzake watauliza huyu dada ni nani na ametaka nini. Usimtume mtu. Usiende na mwinjilisti, nakusihi. Mtumie ujumbe kwenye simu yake, maneno machache, yameandikwa yote kamili, hakuna "xaxa" wala "cjui", kila herufi mahali pake. Atausoma peke yake jikoni kwake, hata kama utamchukua jioni tatu. Asipojibu usiandike wa pili.

"Nimekosa. Picha naifuta. Naomba radhi."

Hapana, ngoja. Umesema aliacha mkiwa kwenye nya. Dh hamjaifika. Andika "samahani".